Tufike Kabla ya Jiwe la Kwanza



Yako maneno mawili yanayosemwa kila siku katika mji wetu wa Bukavu, na hasa huku kwetu Bagira: "Mji umeuzwa." Twayasikia sokoni, twayasikia kwenye bomba la maji, twayasikia hata tutokapo kanisani. Palipokuwa na njia, leo pana ukuta. Palipokuwa na uwanja wa watoto, leo pana mchanga, matofali na nondo. Anayejenga hatumjui, aliyempa ruhusa hatumjui, wala siku aliyopewa hatuijui. Basi twatikisa vichwa, twasema mji umeuzwa, kisha kila mtu huenda kwake.

Leo twataka kuyachungua maneno hayo. Kwamba fedha hufungua milango mingi ya afisi, nani asiyejua? Lakini twaamini kwamba nguvu ya kwanza ya tajiri mwenye kujenga si mfuko wake. Nguvu yake ya kwanza ni kwamba yeye hufika mapema, na sisi wakaaji hufika jiwe la kwanza likiwa limekwisha kuwekwa.

Bagira haikuota kama uyoga. Ilichorwa. Katika miaka ya 1950, serikali ya Kibelgiji ilikuwa imekabidhi kazi ya kujenga nyumba za Waafrika mijini kwa shirika lililoitwa Office des Cités Africaines, ambalo wazee wetu walizoea kuliita OCA. Lilianzishwa mwaka 1952. Nyumba zilipangwa kwa safu, njia zikapimwa, na nafasi zikaachwa wazi. Tusiisifu mno kazi ile. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi ya ngozi, na wale waliojengewa hawakuulizwa neno. Hata hivyo mistari ile ilikuwa na maana yake. Bukavu imekaa juu ya vilima vikali, na mara nyingi mahali palipoachwa wazi ndipo maji ya mvua yanapopita. Mtu akijenga juu ya mfereji hajengi nyumba yake tu, bali anaiangusha ya jirani aliye chini. Mwezi wa Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha ardhi mjini Bukavu, na watu wakafa. Kwa hiyo swali la nani anaamua mahali pa kujenga si swali la mafundi peke yao. Ni swali la uhai wa watoto wetu.

Sasa tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba udongo wote ni mali ya Taifa. Raia hapewi udongo wenyewe, hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huandikwa katika cheti. Sheria hiyo hiyo iliagiza kwamba, kabla ya kutoa ardhi ya mashamba, ufanywe uchunguzi mahali penyewe: waliopo wahesabiwe, vilivyopo viandikwe, na wenye malalamiko wasikilizwe. Agizo hilo ni jema. Lakini cheti kikishaandikwa, na hasa ikiisha kupita miaka miwili, ni vigumu sana kukibatilisha. Tazameni basi thamani ya wakati! Malalamiko yanayosemwa leo ni ushahidi. Yale yale yakisemwa baada ya miaka mitatu huwa kilio tu.

Mwenye kujenga analijua jambo hilo. Huenda afisini yeye mwenyewe, tena mara nyingi. Anajua jina la mpima ardhi, na gari la kumpeleka kilimani ni lake. Anakuta karani ambaye mshahara wake umechelewa, na afisi isiyo na karatasi. Huahidi kutengeneza kipande cha barabara, au kuchangia uchaguzi wa fulani. Hatusemi kwamba kila mjenzi ni mwovu. Mji wahitaji nyumba, na wengine hujenga kwa haki. Twasema tu kwamba afisi inayosikia sauti moja mwaka mzima mwishowe hudhani kwamba ile ndiyo sauti ya mji.

Katika kata moja ya Bagira tuliyopata kufundisha, palikuwa na nafasi wazi nyuma ya nyumba, na kando yake njia ya kwendea maji. Asubuhi moja tuliona vigingi vimepigwa. Wazazi wachache walikutana jioni ile ile. Hawakuchukua mawe wala fimbo. Walimwomba mzee mmoja aeleze nafasi ile ilikuwa ya nini. Wanafunzi wa darasa la sita wakapima kwa kamba, wakachora ramani katika karatasi ya daftari. Watu waliotia sahihi walijaza kurasa mbili. Barua ikapelekwa kwenye afisi iliyohusika, na nakala yake ikarudi na muhuri. Afisi ilijibu kwamba sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutolewa. Nafasi ikapotea. Lakini njia ya maji ilibaki, kwa sababu haikuwa imeandikwa bado katika cheti cha mtu, na barua ya wazazi ilitangulia. Hadi leo kina mama wapita pale na madumu yao. Tulijifunza siku zile kwamba tofauti ya kupata na kukosa yaweza kuwa majuma machache.

Jambo hili si la Bukavu peke yake. Mjini Nairobi, mwezi wa Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Langata Road walirudi kutoka likizoni wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 watoto waliandamana na wakubwa waliowasaidia, ukuta ukaangushwa, na polisi wakawarushia moshi wa kutoa machozi. Nchi nzima ilishtuka, na serikali ikaurudisha uwanja kwa shule. Twawaheshimu watoto wale. Lakini je, ni haki mtoto apigwe moshi machoni ili alinde kile ambacho wakubwa wangeweza kukilinda kwa karatasi? Ilionekana ndipo kwamba shule nyingi za serikali nchini Kenya hazikuwa na hati za ardhi yake. Shule isiyo na hati ni kama nyumba isiyo na mlango.

Wengine watatuuliza: "Na sisi tutasemea wapi? Nani atatusikiliza?" Swali ni la haki. Katiba ya mwaka 2006 iliahidi kwamba miji na komini zitajitawala kwa njia ya mabaraza yaliyochaguliwa, lakini kwa miaka mingi wakuu wake waliteuliwa kutoka juu. Ni tarehe 20 Desemba 2023 tu raia wa komini zilizo katika miji mikuu ya majimbo, Ibanda, Kadutu na Bagira zikiwamo, walipowapigia kura washauri wa komini kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hiyo. Kisha, mwezi wa Februari 2025, mji wa Bukavu ukaangukia mikononi mwa AFC/M23, na mambo mengi ya utawala yakavurugika. Twaandika tukiyajua hayo.

Lakini kumbukeni pia kwamba, kabla ya kura hiyo, jimbo la Kivu Kusini lilikuwa limejaribu njia nyingine. Kuanzia miaka ya 2010 hivi, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakaaji wa baadhi ya komini na tarafa waliitwa kwa ujumbe wa simu waje mkutanoni kusema fedha za umma zitumike kwa kazi gani: shule, daraja au zahanati. Watu walikuja. Hawakuwa na shahada za chuo kikuu, ila walijua daraja lipi limevunjika. Hiyo yathibitisha kwamba raia akiulizwa mapema ana neno la maana.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila kata iandike orodha ya mali ya wote: njia, mifereji, viwanja, visima, uwanja wa shule. Wazee waseme, vijana waandike. Pili, kila shule iulize kama karatasi za ardhi yake zipo, tena iulize kabla ya vigingi kupigwa. Tatu, kila barua itolewe nakala, nayo ipigwe muhuri na kuhifadhiwa mahali pakavu, kwa maana wakubwa huondoka na karatasi hubaki. Nne, asiende mtu mmoja afisini peke yake. Mmoja huitwa mkorofi, au hupewa bahasha. Watu ishirini ni kata.

Na ninyi wanafunzi, msidhani kwamba somo la kupima eneo ni la mtihani tu. Chukueni kamba, pimeni uwanja mnaochezea, andikeni tarehe. Maji yakimwagika hayazoleki. Udongo nao, ukishaandikwa jina la mtu, haurudi kwa urahisi. Tawala zitabadilika tena kama zilivyobadilika zamani. Lakini mvua ya Bukavu itaendelea kunyesha, nayo itatafuta njia yake ile ile. Heri ituone tumeiachia.