Vumawimbi Siku ya Mvua

Mvua ya masika humnyima mgeni macho, ikampa masikio. Hayo niliyafahamu siku tulipotoka Konde, mimi na sahibu zangu watatu, kuizuru Rasi ya Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa chetu cha Pemba.

Katika msitu wa Ngezi mivule ilikuwa ikitona maji juu ya njia. Tukaufikia mnara wa taa, ule wa chuma uliosimamishwa mwaka 1900, nao umezongwa na ukungu, bahari hatukuiona. Sahibu mmoja, mzaliwa wa Unguja, akalalama kuwa safari imekwenda bure.

Tukashuka Vumawimbi. Hapo sote tulinyamaza. Wimbi lilipiga mwamba, likanguruma, likarudi nyuma, likapiga tena. Miaka mingi nimetarjumi mashairi, na jina hili limenishinda kulihamisha: kitenzi na nomino vimeshikana, mizani nne tu, nusu ya kipande cha shairi, na sauti ya pwani nzima imo ndani. Aliyelitunga hatumjui. Alisikiliza, akasema.

Nachelea jambo moja. Fukwe za visiwa, wageni wakizidi, hupewa majina mapya ya kuuzia vyumba. Vumawimbi likisahauliwa, hatutapoteza anwani. Tutapoteza shairi, pamoja na sikio lililolitunga. Basi, ndugu msomaji, ukenda Kigomasha, usingoje jua. Nenda na watoto, uwaulize wasikiacho kabla hujawatajia jina.