Nyayo za Ncha

Kwa miaka 17 nilichoma miguu ya punda. Watu wa Chamwino bado wanakikumbuka chuma changu: kipande cha nondo kilichoviringishwa kitambaa upande wa kushikia, kinakaa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu. Punda akichechemea, naitwa. Nasema, "Mshipa umekaza," na mwenye punda anaitikia. Tunamwangusha, wanaume wanne wanamkalia, napiga mistari mitatu nyuma ya ugoko, napewa kuku au debe la mtama. Punda mwenye kidonda kibichi habebeshwi madumu, basi anakaa zizini wiki tatu, nne. Akitoka ana nafuu, sifa ni zangu. Haikunijia hata siku moja kwamba kilichomponya ni zile wiki za kukaa.

Aliyenivurugia kazi ni msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho, daktari wa mifugo aliyesomea Sokoine, Morogoro. Tulikutana kwa jirani yangu mmoja mzee, ambaye mtaa mzima tunamwita Babu. Punda wake alizaa masika yalipokuwa yanaisha, na kufika mwezi wa tatu kinda lilikuwa linatembelea ncha za kwato za mbele, kisigino juu, kama mwanamke aliyevaa mchuchumio kwa mara ya kwanza. Kwenye vumbi la njia ya kisimani ungeziona nyayo zake: vijishimo tu, hakuna nyuma.

Mimi nilishakoleza makaa. Daktari akaja, akasalimia kwa Kigogo "Mbukwenyi" vizuri kabisa, akatazama chuma, akatazama kinda.

"Baba, unachoma nini hapo?"

"Mshipa."

Hakubisha. Aliushika mkono wangu akaupeleka kwenye mguu wa kinda, chini ya goti. "Nitafutie nyama hapa."

Nikapapasa. Nimeshika miguu ya punda tangu utoto, lakini sikuwahi kutafuta nyama. Haipo. Misuli yote imebaki juu ya goti. Kutoka hapo kushuka ni mfupa, ngozi na kamba. Akanipitisha moja moja. Nyuma ya ugoko kuna kano mbili zimelaliana. Ya ndani inashuka mpaka inajishikiza kwenye mfupa uliomo ndani ya ukwato. Chini ya kano hizo, kwenye mfupa wenyewe, ipo ligamenti inayokipakata kifundo kisizame. Halafu kuna ukanda mfupi mnene unaotoka nyuma ya goti na kuungana na kano ya ndani katikati ya ugoko. Ukanda huo ni sehemu ya ule mtego unaomwezesha punda kusinzia wima bila misuli kuchoka. Kwa kinda hili mfupa ulikuwa umerefuka, kamba za nyuma zikabaki fupi. Kano ya ndani ikawa inavuta ukwato usiku na mchana.

Akaniambia pia kwamba mwaka 1983 watafiti wa Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya kuchunguza farasi waliochomwa na wasiochomwa. Moto haukuisaidia kano kupona. Nilikasirika. Farasi wa Wazungu wanatuhusu nini sisi? Hata Stanley, yule msafiri Mzungu, alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, wakafa wote kabla hajaiona Ugogo hapa kwetu. Punda ndio waliosonga mbele. Akacheka. Akasema kamba ni zile zile, ila punda ana ukwato uliosimama zaidi, tena ni hodari wa kuficha maumivu. Hilo la mwisho lilinikaa vibaya.

Alianza na tupa, akipunguza kisigino kidogo kidogo na kumtembeza. Wiki zikapita, kisigino hakikushuka. Ndipo akaja na kisu. Tulitandika turubai chini ya mbuyu, akamchoma kinda sindano za usingizi, mimi nikashika mguu. Akafungua ngozi, akaupata ule ukanda mweupe, akaukata. Ncha mbili zikarudi nyuma, kila moja upande wake, pakabaki pengo la kidole. Akaniambia niunyooshe mguu. Ukwato ulifunguka mkononi mwangu.

Nikataka kushangilia, yeye akaanza masharti. Pengo litajazwa na kovu, alisema, na ukanda utakuwa mrefu kuliko zamani. Lakini kazi uliyokuwa unaifanya haijaondoka, imehamia kwenye misuli ya juu na kwenye kamba nyingine. Akatoa mfano wa Marekani. Mwaka 1986 daktari Larry Bramlage alieleza upasuaji wa kukata ukanda mwingine, ule wa juu ya goti, kwa farasi wa mbio walioumia kano ya nje. Baadaye ikaonekana farasi kadhaa waliorudi mbioni wanaumia ile ligamenti ya kifundo. Kwa hiyo mkokoteni marufuku mpaka kinda likomae, mwaka wa nne.

Babu akaguna. "Miaka minne nalisha mdomo tu? Zamani huyu angekwenda machinjioni." Ni kweli, machinjio ya punda yalikuwapo hapa hapa Dodoma, na kilema alikuwa na bei. Lakini Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, miaka 15, bara zima.

Kabla hajaondoka, daktari alimpapasa mama wa kinda. Mistari mitatu ipo mguu wa kushoto, kazi yangu ya miaka mingi nyuma. Ngozi ya mahali hapo haitelezi. Imegandamana na kano, na punda akipiga hatua vinavutana. Alipeleka vidole pale, akarudia, akaniangalia. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Nondo sasa inafunga mlango wa banda la kuku. Wakiniita bado nakwenda, na tupa mfukoni. Mara nyingi nasema mpumzisheni, nao wananiona nimezeeka, wanamtafuta fundi mwingine.

Juzi nilifuata njia ya kisimani asubuhi, kabla ng'ombe hawajaivuruga. Mama ametangulia, kinda nyuma. Nyayo za kinda zimejaa, kisigino kinaonekana. Ule wa kulia bado unachimba zaidi mbele. Nikaenda kumwambia Babu amlete tumkate kwato.