Ugonjwa Ulinyamaza, Nikadhani Nimepona

Jambo ninaloandika ni la chooni, na kwa miaka mingi niliona aibu kulisema. Lakini huenda yupo dada anayeficha kama nilivyoficha mimi.

Mwaka 2011, mtoto wetu wa tatu akiwa bado ananyonya, nilianza kuharisha damu na ute. Nilitibiwa amiba mara tatu; kila mara nilipata nafuu ya siku chache, kisha hali ikarudi. Hapa Namasakata wengine wakanong'ona kwamba nimelogwa. Mwaka 2013 mume wangu aliuza korosho zetu, akanipeleka Dar es Salaam. Huko niliingizwa mpira mwembamba wenye kamera, kikachukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kwenda kupimwa. Nikaambiwa nina kolaitisi ya vidonda: kinga ya mwili wangu mwenyewe inaushambulia utumbo mpana. Si uchawi, wala hauambukizi.

Wakati ule uvimbe ulikuwa sehemu ya mwisho tu, karibu na njia ya haja kubwa. Nilipewa vidonge vya kila siku, na baada ya miezi michache damu ikakatika. Nikajiona mzima. Ada ya shule ilikuwa inadaiwa, nami nikaacha dawa kimyakimya bila kumwambia baba watoto.

Mwaka 2017 damu ilirudi kwa nguvu. Hata ndoo ya maji ilinishinda kubeba. Kamera ilionyesha kuwa uvimbe umepanda upande wote wa kushoto wa utumbo. Daktari akanieleza kwa upole, "Mama, ugonjwa huu hupanda kutoka chini kama unyevu kwenye ukuta wa udongo. Ukinyamaza, haujaondoka."

Alisema utando wa ndani huvimba, hupata vidonda, hupona, kisha huvimba tena. Miaka ikipita, kwa baadhi ya wagonjwa mikunjo ya utumbo hupotea, utumbo ukawa kama bomba, mfupi na mgumu. Na baada ya miaka 8 hadi 10 hatari ya saratani huongezeka, hasa ugonjwa ukiwa umeenea. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa tena kwa kamera hata asipoumwa.

Hata wakubwa hauwaachi. Shinzo Abe wa Japani aliacha uwaziri mkuu mwaka 2007 kwa ugonjwa huu. Alipata nafuu kwa dawa, akarudi madarakani mwaka 2012, lakini mwaka 2020 ulimrudia akajiuzulu tena.

Usiku ule nilimwambia mume wangu ukweli wote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mke wangu, ada tungekopa. Wewe tungekukopa wapi?" Tangu siku hiyo, kila msimu wa korosho fedha ya dawa hutengwa kwanza.

Kipimo changu cha mwaka 2023 kilionyesha uvimbe umetulia, wala hapakuwa na dalili ya saratani. Namshukuru Mungu, na vidonge nameza bado.

Dada yangu, ukiona damu chooni na dawa za amiba hazikusaidii, omba upimwe zaidi. Ukishapewa dawa za kudumu, usiziache kwa sababu tu umepata nafuu. Na mwenzi wako usimfiche.