Tuwaheshimu wanamichezo wetu wangali hai

Je, kijijini kwako yuko mtu aliyewahi kukimbia akakiletea kijiji sifa? Yuko mtu aliyefundisha watoto wa wenzake mpira au netiboli kila jioni, bila kulipwa? Kama yuko, jina lake limeandikwa wapi?

Fikiri kidogo kabla hujaendelea kusoma. Wengi wetu tutajibu: "Halijaandikwa popote, lakini tunalikumbuka." Jibu hilo halitoshi. Sisi watu wa Tabora tunayo sababu ya kulijua hilo kuliko watu wengine.

WALIOTEMBEA KABLA YETU

Njia ya zamani ya misafara ilianza Bagamoyo. Ilipita Mpwapwa na Ugogo. Kisha ilikata pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ikafika Tura na Rubuga, mpaka Tabora. Kutoka Tabora iliendelea magharibi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Bagamoyo mpaka Ujiji ni mwendo wa kilometa 1,200 hivi. Katika karne ya 19 watu waliutembea kwa miguu, kwa miezi mingi.

Mpagazi alibeba pembe ya ndovu, nguo au shanga. Mzigo mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Juu yake aliongeza mkeka wake na chakula chake. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa malipo. Lakini tusifiche ukweli. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa, na hao hawakuulizwa kama wanataka kutembea.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Yeye ndiye aliyejua njia, aliyejua maji yako wapi, na aliyepima mwendo wa wenzake. Mpagazi hakuruhusiwa kumpita. Ukitaka kumfananisha na mtu wa leo, mfananishe na mwalimu wa michezo.

Msafara uliporudi nyumbani, bunduki zililia na wanawake walipiga vigelegele. Kijana aliyefika pwani akarudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Kwa hiyo heshima walipewa. Kilichokosekana ni maandishi. Maelfu ya wapagazi walipita Tabora kila mwaka, lakini leo tunayajua majina machache tu. Tunamjua Sidi Mubarak Bombay. Tunawajua Susi na Chuma. Tunawajua kwa sababu walisafiri na Wazungu walioandika vitabu.

Dokta Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Walitembea zaidi ya kilometa 1,600. Walipita hapa kwetu Unyanyembe. Walifika pwani Februari 1874. Baadaye Chama cha Jiografia cha Uingereza kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu hao. Lakini medali zilipofika Unguja, wengi walikuwa wamekwisha tawanyika, kila mtu na njia yake. Heshima ilikuja, lakini ilichelewa.

Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Nyumbani kwetu tunasimulia kwamba alifika pwani akarudi. Alibeba nini? Alikwenda mara ngapi? Hatujui. Hata jina lake, shangazi zangu wawili hulitaja kwa namna mbili, na hakuna wa kuwaamua.

ALIYEFIKA WA MWISHO

Sasa tutazame wanamichezo wa Taifa letu.

Mwaka 1968 Mtanzania John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico. Marathoni ni mbio za kilometa 42 na zaidi. Njiani alianguka akaumia vibaya goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha pokea ushindi wake zaidi ya saa moja kabla. Giza lilikuwa limeingia. Watu wachache waliobaki uwanjani walimwona Akhwari akiingia huku anachechemea. Watu 75 walianza mbio zile. Waliomaliza ni 57, na yeye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, siyo kuzianza tu.

Siku ile hakupata medali. Lakini mwaka 1983, miaka 15 baadaye, Taifa lilimtunuku nishani ya ushujaa. Aliipokea kwa mikono yake mwenyewe, akiwa mzima.

Wako wengine tunaowajua. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1980 huko Moscow yeye alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata medali ya fedha katika mita 5,000. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Na Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe ili mshindi ajulikane.

Dodoma na Singida ni mikoa ambayo njia ya misafara ilipita. Watu wa njia hii ni watu wa miguu tangu zamani.

Majina haya makubwa yameandikwa. Hayatapotea. Mimi nawasemea wale ambao hawakufika Moscow wala Tokyo. Walikimbia wilayani, wakarudi kulima. Na nawasemea walimu waliowafundisha.

KARAMU YA CHUO CHETU

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 ili watu wazima na vijana wajifunze ufundi, kilimo na mambo ya nyumbani. Mimi nilijifunza useremala katika chuo kimoja cha namna hiyo mkoani Tabora. Jioni tulikimbia. Sikuwahi kushinda, lakini nilikimbia mita 5,000 kila ilipotakiwa.

Aliyetufundisha mbio tulimwita Mwalimu tu, na hapa nitamwita hivyo. Uwanja aliupima kwa kamba. Mistari aliichora kwa majivu ya jikoni. Alikuwa na filimbi moja na saa moja ya mkononi. Wasichana walipokatazwa kukimbia, alikwenda kwa wazazi wao, nyumba kwa nyumba. Alikaa, akanywa maji, akaongea habari za mvua na tumbaku, ndipo akaeleza shida yake. Wazazi wengi walikubali.

Mwalimu alipokuwa mzee, sisi tuliosoma kwake tulikutana. Tulisikia kwamba huko Marekani vyuo vingi huandaa karamu, huwaita wanamichezo wao wa zamani na walimu wao, na majina yao huwekwa ukutani. Tukasema, na sisi tutafanya.

Mzee mmoja wa kamati alikataa. Alisema, "Bweni linavuja. Mabati ni bora kuliko pilau." Maneno yake yalikuwa ya kweli, tukanyamaza. Ndipo mama mmoja akasema, "Mabati yatangoja mpaka mavuno. Je, Mwalimu naye atangoja?" Tukakubaliana hivi: chakula kila mtu atatoa nyumbani kwake, na fedha zote zitakazochangwa zitakwenda kwenye mabati, isipokuwa bei ya daftari moja kubwa na rangi ya ubao.

Likaja swali la pili, nalo lilikuwa gumu zaidi. Nani aheshimiwe? Wengine walisema ni washindi peke yao. Wengine walisema tukianza kuwaita walioshindwa, ubao hautatosha. Tulibishana jioni mbili. Mwisho tukaamua kumwuliza Mwalimu mwenyewe. Alijibu kwamba tungoje siku ya karamu.

Siku ilifika. Palikuwa na ugali, wali, mbuzi wawili, kuku, na asali ya porini kwetu. Watu walikaa chini ya miembe. Mwalimu alipoitwa kusema, hakutoa hotuba. Alifungua mfuko akatoa madaftari manane ya shule, yamefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake aliandika kila mwanafunzi aliyekimbia mbele yake, siku aliyokimbia, na muda wake. Washindi waliandikwa. Walioanguka njiani waliandikwa. Walioacha wakaenda kuolewa waliandikwa.

Akaanza kusoma. Kila aliyesikia jina lake alisimama. Fundi wa baiskeli wa sokoni alisimama, na watoto wake walicheka, kwa sababu hawakujua kwamba baba yao alikuwa wa kwanza wilayani. Na mimi nilisimama. Mwalimu alisoma muda wangu bila kuupunguza hata sekunde, na watu wakacheka tena.

Kisha akasoma jina la kijana mmoja, na hakuna aliyesimama. Alikuwa amefariki zamani. Palikuwa kimya. Kumbe mama yake yupo, amekuja kusaidia kupika. Mama yule alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. Alisema, "Rudia, Mwalimu." Mwalimu akarudia jina, tarehe, na muda wa mita 1,500. Mama akauliza, "Muda huo ni mzuri?" Mwalimu akajibu, "Ni mzuri, mama. Siku ile hakuna aliyemkaribia." Mama akasimama pale pale, kwa niaba ya mwanawe, mpaka jina lililofuata liliposomwa.

Hapo ubishi wetu uliisha. Majina yote yaliingia katika daftari kubwa. Kwenye ubao, jina la Mwalimu liko juu, na chini yake imeandikwa kwamba majina mengine yamo katika daftari, ofisini kwa mkuu wa chuo. Mwalimu aliyaona yote hayo kwa macho yake. Mabati ya bweni tulimaliza kuyanunua baada ya mavuno, kama tulivyoahidi.

MAMBO YA KUFANYA

Ndugu msomaji, jambo hili linawezekana kijijini kwako. Fanya hivi:

1. Tafuteni daftari lenye jalada gumu. Liwekwe katika ofisi ya kijiji au shuleni, mahali pasipo na mchwa wala mvua.

2. Waulizeni wazee na walimu. Andikeni jina la kila mwanamichezo na kila mwalimu wa michezo, mahali alipocheza, na mwaka. Kama mwaka haujulikani, andikeni tukio lililo karibu, mfano mwaka wa njaa au wa mafuriko.

3. Andikeni wanawake pia. Mara nyingi wao ndio husahauliwa kwanza, kwa sababu wengi huhamia vijiji vya waume zao.

4. Chagueni siku moja katika mwaka, baada ya mavuno. Waiteni waliomo katika daftari. Chakula kiwe cha kawaida, kila nyumba ilete ilicho nacho.

5. Someni majina kwa sauti, watoto wakiwapo. Mtoto anayesikia jina la mama yake likisomwa atataka na lake lisomwe.

6. Zawadi iwe ya kufaa: jembe, khanga, debe la mbegu au chupa ya asali. Kama mtu ni mgonjwa au hana nyumba nzuri, kijiji kimsaidie. Mtu hali cheti.

Usingoje mtu afe ndipo umsifu mbele ya kaburi. Maneno ya msibani ni mazuri, lakini anayesifiwa hayasikii. Mwite akiwa bado anaweza kuja kwa miguu yake.

Wapagazi wa njia ya Ujiji hawakuwa na mtu wa kuwaandika. Kijiji chako kinaye, kwa sababu wewe unajua kusoma na kuandika. Leo jioni nenda kwa mzee mmoja aliyewahi kukimbia au kufundisha. Chukua kalamu na karatasi. Anza na jina lake, na hakikisha umeliandika sawasawa kama anavyolitaja mwenyewe.