Kazi ya Mama

Siku nilipoandikishwa katika shule hii nilipewa karatasi ya kujaza. Palikuwa na nafasi ya jina langu, kijiji changu, kazi ya baba na kazi ya mama. Kwa baba niliandika "seremala." Kwa mama niliandika "hana kazi," nikaenda zangu bila wasiwasi wowote.

Muhula huu mwalimu wetu wa Historia alitugawia majimbo ya Uingereza, kila mmoja lake, tusome jinsi watu wa mashamba walivyopata riziki kati ya vita vikuu viwili, yaani tangu 1918 hata 1939. Mimi nilipewa Norfolk, jimbo la mashariki lililopakana na bahari. Nakiri kwamba nilianza na dhana ya kipumbavu. Nilidhani kila Mwingereza wa siku zile alikuwa bwana wa kutumikiwa, na mkewe alikuwa bibi wa kunywa chai tu.

Basi niliyoyakuta yalikuwa mengine kabisa. Wanaume wengi wa vijijini walikuwa vibarua katika mashamba ya watu. Matrekta yalikuwa machache, na plau zilikokotwa na farasi. Mtunza farasi aliamka gizani kuwalisha wanyama wake, kisha akaifuata plau kutwa kwa miguu. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kulima eka 1 kwa mfuo wa upana wa inchi 9 ni kutembea maili 11. Wengine walikuwa wachungaji wa kondoo, wakamuaji wa ng'ombe, wahunzi na mafundi wa magurudumu. Tena, baada ya sheria ya ruzuku ya sukari ya 1925, viazisukari vilipandwa kwa wingi, navyo huvunwa wakati wa baridi, mikono ikifa ganzi kwa matope.

Na ujira wao ulikuwa mdogo. Serikali ilipoacha kuilinda bei ya nafaka mwaka 1921, bei ilianguka, na mishahara nayo ikaanguka. Mwaka 1923 vibarua wa Norfolk waligoma. Waliporudi kazini walikubaliana shilingi 25 kwa juma la saa 50, na pauni moja wakati ule ilikuwa shilingi 20. Wengi wao walikaa katika nyumba za waajiri wao, hata mtu aliyepoteza kazi alipoteza na mahali pa kulala.

Je, wanawake? Watoto waliruhusiwa kuacha shule wakiwa na miaka 14, na wasichana wengi wakaenda kuwa watumishi katika nyumba za wenye mali. Huko waliwasha moto alfajiri, wakasugua sakafu na kubeba maji ya kuoga ya watu wengine. Baadhi walikwenda mjini Norwich kushona viatu viwandani. Kila majira ya kupukutika majani wanawake kutoka Scotland walikuja bandari ya Great Yarmouth, wakizifuata mashua za samaki waitwao herring. Walifanya kazi watatu watatu, wawili wakipasua na kutoa matumbo, wa tatu akipanga samaki na chumvi katika mapipa. Walijifunga vidole kwa vitambaa, maana kisu kilikata na chumvi iliingia katika jeraha. Hata mwalimu wa kike, katika sehemu nyingi za Uingereza, alilazimika kuacha kazi akiolewa, mpaka sheria ya 1944 ilipoondoa kizuizi hicho.

Aliyeolewa na kibarua hakupumzika. Alichota maji kisimani, akachemsha nguo katika sufuria kubwa, akazikamua na kuzianika. Alioka mikate, akafuga kuku, na nguruwe alipochinjwa yeye ndiye aliyetia nyama chumvi ili idumu. Msimu ulipofika alikwenda shambani kuvuna viazi, huku watoto wadogo wakimngoja ukingoni mwa shamba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichoma. Tarehe 29 Septemba 1939, majuma machache baada ya vita kuanza, Serikali ya Uingereza iliwaandikisha watu wake, kila mtu na kazi yake. Orodha ile ina thamani kubwa, kwani karatasi za sensa ya 1931 za Uingereza na Wales ziliteketea kwa moto mwaka 1942. Humo mume huandikwa kibarua wa shamba au mtunza farasi. Chini yake, mara nyingi sana, mke ameandikwa kwa maneno yale yale: kazi za nyumbani zisizo na malipo.

Kwanza nilikasirika. Yule mwoka mikate, mfuga kuku na mvuna viazi ameingizwa wote katika maneno hayo machache! Kisha niliona haya. Karani yule angalau aliandika neno "kazi." Mimi, niliyenyonya na kubebwa mgongoni, niliandika "hana kazi."

Likizo ilipofika nilimweleza mama habari yote. Alikuwa akipepeta mchele, wala hakuuweka ungo chini. Alicheka akasema, "Mwanangu, andika upendavyo. Lakini maji hayajichoti."

Niliporudi shuleni nilikwenda kwa karani, nikamwomba ile karatasi yangu. Alinitazama kwa mshangao, lakini akanipa. Nilifuta maneno yale mawili nikaandika: "mkulima, mpika maandazi ya kuuza, na mtunza nyumba ya watu 7." Nafasi haikutosha, ikanibidi niendelee pembeni.

Wenzangu, karatasi za namna hii tutajaza nyingi maishani. Kabla ya kuandika "hana kazi," tujiulize kwanza nani aliamka mapema kuliko sisi asubuhi ile.