Mizani ya Ini

Waswahili hunena kwamba neno chungu hukata maini. Hawakutaja figo wala wengu. Pengine waling'amua mapema kuwa kiungo hiki kikidhurika, uhai wenyewe huwa mashakani. Figo zikishindwa kazi, mashine ya kusafisha damu yaweza kuzishikia zamu kwa miaka. Ini likishindwa, hakuna mashine ya kulishikia zamu muda mrefu. Hubaki kupandikizwa jingine, na wenye kungoja ni wengi kuliko maini yanayopatikana.

Nani, basi, atangulie? Kabla ya kuingizwa kwenye orodha, mgonjwa huchunguzwa moyo, mapafu, uvimbe wa saratani, hata mazoea yake ya pombe. Lakini nafasi yake katika foleni, nchini Marekani tangu mwaka 2002, huamuliwa hasa na damu. Hupimwa bilirubini, ile rangi inayoyafanya macho kuwa ya manjano. Muda ambao damu huchukua kuganda. Na kreatinini, taka ambayo figo hutarajiwa kuitoa. Vipimo hivyo hukokotolewa hata ikapatikana alama moja, kati ya 6 na 40. Mwenye alama nyingi ndiye aliye karibu zaidi na kaburi, naye hutangulizwa. Mizani haiulizi jina wala ukoo. Nani angeikataa haki ya namna hiyo?

Hata hivyo, mizani ilikuwa na ila. Kreatinini hutokana na misuli. Mwanamke, ambaye kwa kawaida misuli yake ni haba kuliko ya mwanamume, huwa na kreatinini kidogo hata pale figo zake zinapodhoofika sawa na za mwenzake. Hivyo wawili waliweza kulala vitanda vinavyopakana, maradhi yamewala sawasawa, na karatasi ikashuhudia kwamba mwanamke ana nafuu. Wanawake wakawa wanakufa wakingoja kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Nambari haikuwa na chuki; ilipima ilichoagizwa kupima.

Ilichukua miaka 21. Mwaka 2023 kanuni ilirekebishwa: albumini ikatiwa katika hesabu, na mwanamke akaongezewa takriban alama moja na theluthi. Kwa asomaye upesi, hiyo ni chembe ya mchele. Katika foleni ile, chembe hiyo yaweza kuamua simu ya usiku wa manane italia katika nyumba ya nani.