Tope la Kinoo

Katika nyumba zetu mna kazi nyingi ndogo ambazo watu huzidharau, na kumbe ndani yake mna mafunzo makubwa. Mwezi huu twataka kusema juu ya kunoa wembe. Si kwamba sisi ni vinyozi; kazi yetu ni kusomesha watoto chuoni hapa Bariadi. Twasema kwa sababu tulikosa, na kosa letu lilimtoa damu mzee wetu.

Marehemu baba yetu alikuwa na wembe wa kukunja na kinoo kidogo cha rangi ya manjano iliyopauka, kilichoshikamana na jiwe jeusi chini yake. Alivipata Kigoma katika miaka ya 1950, alipokuwa mpagazi bandarini. Zama hizo Wabelgiji walikuwa na sehemu yao pale, kwa mapatano yao na Waingereza ya mwaka 1921, wapate kupitisha bidhaa za Kongo mpaka Dar es Salaam. Karani mmoja alipohama alimwachia vitu hivyo. Vinoo vya namna hiyo huchimbwa Ubelgiji, pande za Vielsalm, na ndani yake mmejaa chembe za garneti, ndogo mno hata jicho haliwezi kuzitambua. Huku kwetu Usukumani mawe ni mengi, lakini ni matale; chembe zake ni kubwa, zafaa panga na jembe, wala hazifai wembe.

Baba alitufundisha hivi. Kwanza kinoo hutiwa maji, kisha husuguliwa kwa kipande kidogo cha jiwe lile lile mpaka maji yawe mazito na meupe kama maziwa. Hilo ndilo tope la kinoo: ni zile chembe zilizotoka jiweni, nazo hula chuma upesi. Wembe hulazwa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, kisha husukumwa makali yakitangulia. Na wakati wa kuugeuza hugeuzwa kwa mgongo wake. Tope likiingia weusi, ujue chuma kimelika. Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha. La, hasha! Hapana budi kuongeza tone moja la maji, unoe tena. Kisha tone jingine, unoe tena, na mkono uzidi kuwa mwepesi, hata jiwe libaki na maji matupu. Kwani tope zito hunoa upesi, lakini makali yakipita ndani yake hugongana na chembe zile zile na kuparuzika. Kinachoanza kuyanoa ndicho kinachoyazuia yasikamilike.

Mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya Simiyu kuwa mkoa, baba alishikwa na maradhi, mikono ikawa yatetemeka. Ikawa ni juu yetu kumnyoa kichwa kila Alhamisi jioni. Siku moja ya kiangazi tulirudi tumechoka, na magharibi ilikuwa karibu. Tukafanya tope, tukanoa, tukaona weusi, tukafurahi. Tukaufuta wembe, tukaanza kunyoa. Wembe ukawa wavuta nywele. Badala ya kurudi kinooni, tukakaza mkono; ukamkata juu ya sikio.

Mzee hakupiga kelele. Tulipokwisha kumfuta damu, akauliza, “Mwanangu, maji yamekwisha mtungini?”

Tukajibu, “Hapana, baba, yapo.”

Akasema, “Basi umeanza kunoa, hukumaliza.”

Neno hilo lilituuma kuliko matusi. Ingekuwa maji hayapo, tungepata udhuru, maana miezi hiyo watu huchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Lakini maji yalikuwapo. Kilichokosekana ni subira ya matone machache. Nasi tulikuwa tukiwasomesha watoto kila mwaka kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ameagiza kisu kinolewe ili mnyama asiteseke wakati wa kuchinjwa. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, mzazi je?

Alhamisi iliyofuata tulianza mapema. Baba akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya wetu, tukanoa pamoja, tone kwa tone, mpaka maji yakawa safi. Kisha tukamnyoa. Kabla hatujafika utosini, alikuwa amesinzia. Hakumaliza mwaka ule, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na katika yote tuliyomfanyia, usingizi ule ndio unaotufariji.

Twawausia wenzetu mambo mawili. La kwanza, wembe wa mtu mmoja usitumiwe kwa mwingine, kwani homa ya ini na UKIMWI hupita katika damu. Na mtoto anyolewaye siku ya akika apewe wembe mpya. La pili, mwenye mgonjwa au mzee nyumbani asimhudumie kwa haraka ya kumaliza. Kumwogesha, kumlisha na kumnyoa vina tope lao na vina maji yao ya mwisho. Tope tunaliweza sote. Ni yale matone ya mwisho yanayotushinda.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwatendea wema wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.